Mbwa wawili, bustani ya jangwa na miiba ya choya

Swali: Habari za kazi. Tunaishi Phoenix, Arizona, na huu ni mwaka wetu wa pili tangu tuhamie kutoka Kongo. Watoto wanataka twende kuona bustani ya mimea ya jangwa pamoja na mbwa wetu wawili. Mmoja ni chotara wa Labrador, miaka minne, kilo 28. Mwingine ni French Bulldog, miaka saba, kilo 11. Je, mbwa wanaruhusiwa kuingia? Twende wakati gani, tubebe nini, na mwiba wa kaktasi ukimchoma mbwa tufanye nini? Jirani ametutisha kwamba kuna kaktasi inayoruka.

Jibu: Dada, mnaweza kwenda nao, lakini si bustani yoyote wala mwezi wowote. Na hao mbwa wawili msiwapimie kipimo kimoja. Labrador wenu atamudu saa mbili za kutembea asubuhi ya Januari bila tabu. Huyo French Bulldog, mwenye pua bapa, ana mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo ipange safari nzima mkiamua kwenda nao wote wawili.

Kwanza mahali. Hapo Phoenix mna Desert Botanical Garden, ndani ya Papago Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1939. Siku za kawaida mbwa wa kufugwa hawaingii. Bustani imekuwa na desturi ya kutenga siku maalumu za mbwa, kwa tiketi ya mtu na ada ya mbwa, kwa hiyo kama mnaitaka hiyo, fuatilieni kalenda yao ya matukio na msiende kubahatisha getini. Mbwa waliofunzwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu huingia siku zote kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, na mfanyakazi wa getini anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu: kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Mtu asiwashauri kumvalisha mbwa wa nyumbani fulana ya mbwa wa huduma ili apite. Arizona ina sheria inayotoza faini kwa udanganyifu huo, na wanaoumia ni wale wanaomhitaji mbwa kweli.

Ninakowashauri zaidi ni Boyce Thompson Arboretum, karibu na mji mdogo wa Superior, kama kilomita 95 mashariki ya Phoenix kwa barabara ya US 60. Ilianzishwa miaka ya 1920 na William Boyce Thompson, tajiri wa migodi, na kwa miaka mingi imekuwa ikipokea mbwa waliofungwa kamba. Siku na masharti hubadilika, hivyo soma taarifa yao kwa wageni wiki hiyohiyo kabla ya kulipa. Iko mita 730 hivi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mara mbili ya mwinuko wa Phoenix, kwa hiyo joto lake huwa pungufu kwa nyuzi kadhaa. Njia kuu ni mzunguko wa takriban kilomita 2.4. Inapita kwenye bustani ya kaktasi na mimea ya majani manene, inateremka kufuata kijito cha Queen Creek penye kivuli, na kuna eneo la mikaratusi mirefu kutoka Australia. Kwa mbwa wa pua bapa, sehemu ya kijito na mikaratusi ndiyo ya kukaa. Njia ya juu yenye mawe na daraja la kuning'inia mwachieni Labrador, kama hana hofu ya kitu kinachoyumba chini ya miguu.

Mtaona kila mahali wamesisitiza kuokota kinyesi na kutomwacha mbwa akojolee mimea. Lichukulieni kwa uzito. Mkojo wa mbwa una naitrojeni na chumvi nyingi, na jangwani hakuna mvua ya kuisafisha ardhi. Mbwa mmoja akikojolea shina la kando ya njia, kila anayefuata atanusa na kuongeza lake papo hapo, na mmea uliotunzwa miongo kadhaa unaanza kuoza shinani. Wapeni nafasi ya kujisaidia nje, kando ya maegesho, kabla hamjaingia. Mifuko ya kinyesi bebeni angalau mitatu kwa kila mbwa.

Sasa wakati. Miezi mizuri ni kuanzia Novemba hadi katikati ya Machi, na saa nzuri ni lango linapofunguliwa. Machi na Aprili maua huwa mengi na watu wengi huvutiwa kwenda, lakini ndipo pia nyoka wanapotoka na jua linapoanza kuuma. Kuanzia Mei hadi Septemba msiwapeleke kabisa. Phoenix ilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi (43 za Selsiasi) mwaka 2023, na jiji limepiga marufuku mbwa kwenye njia za milimani joto likifika 100 (38 za Selsiasi). Ila marufuku hiyo isiwe kipimo chenu. Mbwa huanza kuumia mapema zaidi ya hapo.

Kinachowadanganya watu ni kuangalia joto la hewa kwenye simu. Mbwa wako hatembei hewani, anatembea juu ya lami, saruji na kokoto. Hewa ikiwa nyuzi 87 tu (31 za Selsiasi), lami iliyopigwa na jua inaweza kupita nyuzi 140 (60 za Selsiasi), na joto hilo huunguza ngozi kwa muda usiofika dakika moja. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya ardhi palipo na jua na uhesabu hadi saba polepole. Ukishindwa kuvumilia, mbwa naye hawezi. Pima kwenye maegesho, kisha pima tena njiani, kwa sababu lami ya maegesho huwa kali kuliko njia ya udongo, na watu wengi huwaunguza mbwa wao katika zile hatua hamsini za kurudi garini saa sita mchana.

Kwa mipaka, mimi ningeweka hivi: Labrador asiendelee hewa ikipita nyuzi 80 (27 za Selsiasi). Bulldog nyuzi 72 (22 za Selsiasi), na asizidishe dakika 45 kwa jumla, na mapumziko kivulini kila baada ya dakika kumi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na French Bulldog ana pua na koo finyu, kwa hiyo kuhema kwenyewe kunamchosha na kumwongezea joto. Akianza kukoroma au kutoa mluzi anapohema akiwa wima, matembezi yake yameisha siku hiyo, hata kama mmeingia robo saa iliyopita.

Maji: bebeni lita moja na nusu kwa Labrador na nusu lita hadi robo tatu kwa Bulldog kwa saa mbili, na bakuli la kukunjwa. Msingoje waonyeshe kiu. Wapeni kidogokidogo kila dakika 15 au 20, kwa sababu mbwa anayegugumia nusu lita kwa mkupuo mara nyingi huitapika. Wasinywe kwenye kijito wala kwenye madimbwi. Garini achieni dumu la lita nne ambalo haliguswi. Hilo ni la dharura ya joto, na nitalirudia.

Kamba iwe ya kawaida, isiyozidi futi sita, yaani mita 1.8. Ile inayojikunja na kujifungua yenyewe iacheni nyumbani. Humpa mbwa nafasi ya kufika chini ya kaktasi kabla hujabonyeza kitufe, na uzi wake mwembamba hujizungusha kwenye mimea. Mfungeni kwa mkanda wa kifuani kuliko wa shingoni, hasa Bulldog. Kila mbwa ashikwe na mtu mzima mmoja, mtoto asishike. Kwenye bustani hizi, mbwa anayetembea katikati ya njia, ubavuni mwa mtu, huepuka karibu balaa zote nitakazozitaja. Viatu, fulana za kupoza na dawa za kupuliza vyote hivyo vinakuja nyuma ya kamba fupi.

Kuhusu viatu vya mbwa, watu huviamini kupita kiasi. Vinasaidia dhidi ya joto la ardhi na vinywele vya mpungate, lakini mwiba mrefu wa choya, ile kaktasi aliyowatisha nayo jirani, hupenya. Mkitaka kuvitumia, chora unyayo wa mbwa kwenye karatasi akiwa ameukanyagia uzito, pima sehemu pana zaidi, kisha mzoesheni nyumbani dakika tano kwa siku kwa wiki nzima. Njiani vivueni kila dakika 20. Punje ya changarawe iliyonaswa ndani huchubua nyama ya unyayo haraka kuliko njia yenyewe.

Nije kwenye hiyo kaktasi inayoruka. Ni choya, vibao vya bustani huiandika cholla, na hairuki. Matawi yake yameundwa kwa vipande vifupi vilivyoshikana kwa kiungo dhaifu mno. Unywele wa mbwa ukigusa ncha ya mwiba mmoja tu, mwiba unashika, kiungo kinakatika, na kipande kizima kinabaki mwilini mwa mbwa. Hiyo ndiyo njia yake ya kuzaa: kipande hubebwa na mnyama, hudondoka mbali na kuota. Ile yenye miiba mingi inayong'aa kama manyoya jua likiwa nyuma yake ndiyo inayowavutia watoto na wapiga picha, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ukiutazama mwiba wake kwa kioo cha kukuza, utaona magamba madogo yaliyoelekea nyuma kuanzia nchani. Unaingia kwa urahisi na kutoka kwa kupasua. Vipande vilivyoanguka hutapakaa chini ya mti, na upepo, mvua na panya wa jangwani huvisogeza hadi njiani. Kwa hiyo usiangalie matawi tu. Angalia ardhi hatua tatu mbele ya pua ya mbwa.

Kikimnasa, mambo yaende kwa mpangilio huu. Simama papo hapo na ushike kichwa cha mbwa kabla ya kitu kingine chochote. Silika yake ni kukigeukia kile kipande na kukitoa kwa meno, na akifanya hivyo, jeraha la mguuni linageuka kuwa jeraha la ulimi na kaakaa. Usimvute kwa kamba wala usimwache akimbie. Kila hatua inausukuma mwiba ndani. Mtu wa pili achukue chanuo. Ndiyo, chanuo lile la nywele, la chuma au la plastiki gumu lenye meno marefu yaliyoachana. Lipenyezeni kwa ubavu kati ya kipande na ngozi, miiba ipite katikati ya meno, kisha nyanyueni kwa mkupuo mmoja wa haraka kuelekea upande usio na mtu. Kipande kitaruka mita moja au mbili, hivyo hakikisheni watoto na mbwa wa pili wako nyuma yenu. Kiondoeni njiani kwa vijiti viwili ili asikikanyage anayefuata.

Itabaki miiba mmojammoja. Hapo tumieni koleo dogo lenye ncha nyembamba. Kibano cha nyusi hakina nguvu ya kutosha kwa choya. Shika mwiba karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja kwa mstari uleule ulioingilia, haraka, bila kuzungusha. Usiikate kwa mkasi usawa wa ngozi, maana utapoteza mahali pa kushikia. Ukimaliza, pitisha chanuo kwenye manyoya yote ya eneo hilo na papasa kati ya vidole vya miguu, ambako mwiba mmoja hujificha. Safisha kwa maji na dawa ya kuua vijidudu ya klorheksidini iliyozimuliwa ukiwa nayo.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza, mtu kukamata kipande kwa mkono, kisha kwa mkono wa pili kuuokoa wa kwanza. La pili, kukikanyaga kwa kiatu ili mbwa ajichomoe. Miiba hukatikia ndani. La tatu, kuendelea kupambana na miiba ya mdomoni. Kama imeingia midomoni kwa nje na ni miwili au mitatu na mbwa ametulia, itoeni. Ikiwa kwenye ulimi, kaakaa au koo, msilazimishe. Mbwa mwenye maumivu huuma hata mwenye nyumba, na daktari wa mifugo atamlaza kwa dawa na kuitoa yote kwa dakika chache. Mwiba wa jichoni hauguswi kabisa. Mzuieni asijikune na mwende moja kwa moja. Vivyo hivyo uliozama kifuani, tumboni au kwenye kiungo cha mguu. Ncha iliyokatikia ndani ya ngozi mara nyingi hujitokeza yenyewe, ila kwa siku tano zinazofuata angalieni uvimbe, usaha, kuchechemea au kulamba mahali pamoja bila kuacha.

Mpungate huenda mnaujua, umetapakaa hata Laikipia na Tsavo nchini Kenya. Kwenye majani yake bapa miiba mikubwa siyo tatizo. Tatizo ni vishungi vya vinywele vya rangi ya dhahabu kwenye kila kidoa. Vinatoka kwa mamia kwa mguso mmoja, na mbwa huvipata puani na midomoni anaponusa tunda lililoanguka. Dalili ni kudenda mate, kusugua uso chini na kulambalamba hewa. Mulika tochi kwa ubavu ili vinywele vionekane, vitoe kwa kibano chembamba, na sehemu isiyo na nywele unaweza kubandika plasta yenye gundi kali na kuibandua. Usisugue kwa kitambaa. Unavivunja na kuvitawanya.

Miti ya mesquite, ambayo ni jamii moja na mathenge wa Baringo na Turkana hukohuko Kenya, ina miiba migumu inayotoboa unyayo kama ile inavyotoboa matairi huko kwetu. Maganda yake matamu mbwa huyapenda. Hayana sumu, ila akila mengi ataharisha au kuziba utumbo. Nyasi kavu zenye mashuke ya ncha baada ya mvua za msimu wa baridi nazo msizidharau: punje huingia sikioni, puani au kati ya vidole na kusafiri mwilini kwa kwenda mbele tu. Mbwa akianza kupiga chafya mfululizo au kutikisa kichwa ghafla baada ya kupita kwenye nyasi, aangaliwe siku hiyohiyo.

Bustani za jangwa hukusanya pia mimea ya kwetu, na hapo ujuzi wa nyumbani unasaidia. Jamii ya mnyaa ipo, kwa umbo na ukubwa wa kila namna, na maziwa yake huunguza macho na mdomo wa mbwa kama yanavyofanya kwa binadamu. Osheni kwa maji mengi kwa robo saa, kisha daktari. Adenium, mti mfupi wenye shina lililovimba na maua ya waridi, una sumu ya moyo ambayo Afrika imepakwa kwenye mishale tangu zamani. Mshubiri humtapisha na kumharisha. Hatari zaidi ni mimea ya mapambo ya mijini: oleanda, iliyopandwa kama uzio mitaa mingi ya Phoenix, na saikadi ndogo inayofanana na mtende, ambayo mbegu zake chache huua ini la mbwa. Mbwa akitafuna mmea msioujua, pigeni picha ya mmea na kibao chake, kisha mwende kwa daktari bila kusubiri dalili.

Nyoka mwenye njuga mkiani hutembea zaidi kuanzia Machi hadi Oktoba, lakini siku ya jua katika msimu wa baridi anaweza kuota jua juu ya jiwe. Akimgonga mbwa, mbebeni. Asitembee, maana kutembea kunasambaza sumu. Vueni mkanda wa shingo na wa kifuani kabla uvimbe haujaja. Msifunge kamba juu ya jeraha, msichanje, msinyonye, msiweke barafu. Pigeni simu kwanza kuuliza kama kliniki ina dawa ya kupinga sumu, kwa sababu si zote huwa nayo. Kutoka Superior kliniki za saa 24 ziko upande wa Mesa na Phoenix, mwendo wa zaidi ya nusu saa, kwa hiyo namba zao ziwe kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Kuna chura mkubwa wa jangwa la Sonora anayetoka wakati wa mvua za kiangazi, Julai hadi Septemba, hasa usiku. Kwa safari ya Januari hamtakutana naye, ila uwanjani kwenu mtamwona. Mbwa akimshika mdomoni hutokwa na povu, ufizi huwa mwekundu sana, huyumba na kupata degedege. Inamisheni pua yake chini, pitisheni maji ya mpira kutoka upande mmoja wa mdomo yatokee upande mwingine kwa dakika tano, futeni ufizi kwa kitambaa, kisha kliniki. Maji yakielekezwa kooni atameza sumu au atapaliwa.

Javelina, wanyama wa jangwani wanaofanana na nguruwe wadogo, humwona mbwa kuwa ni adui na humvamia akiwa na watoto wao. Mkiwaona kando ya kijito, fupisheni kamba na mrudi mlikotoka. Nyuki wa Arizona wengi ni uzao wa nyuki wa Afrika waliopelekwa Brazil mwaka 1956, wakafika huko 1993, na hasira zao mnazijua. Wakiwavamia ni kukimbilia garini pamoja na mbwa.

Sasa dharura ya joto, ambayo kwa Bulldog ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko nyoka. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi. Akipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mtaona anahema bila kupumzika hata baada ya dakika tano kivulini, mate yanakuwa mazito kama gundi, ufizi unakuwa mwekundu wa tofali au unapauka, anatapika, miguu inalegea. Hapo mpozeni kwanza, kisha ndipo mwende kliniki. Hilo ndilo dumu la lita nne: mmwagieni mwili mzima, hasa tumbo, makwapa na mapaja, kwa maji yaliyo baridi kuliko mwili wake, huku mkimpepea kwa nguvu au kiyoyozi kikimpiga. Endeleeni hata garini. Taulo lililoloweshwa msilimfunike likakaa; baada ya dakika chache linapata joto na kumziba. Mkiwa na kipimajoto cha njia ya haja kubwa, acheni kumwagia akishuka hadi 39.5. Hata akionekana amerudi sawa, apelekwe, maana figo na kuganda kwa damu huharibika saa kadhaa baadaye. Dawa za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni na paracetamol, msimpe kabisa.

Na gari lisiwe mahali pa kumwachia Bulldog wakati wengine wanaendelea. Siku ya nyuzi 70 tu (21 za Selsiasi), ndani ya gari lililofungwa hufika 104 (40 za Selsiasi) kwa nusu saa, na kuacha dirisha wazi kidogo hakubadilishi kitu cha maana. Kama hamna mtu wa kurudi naye nyumbani au kukaa naye kivulini, abaki nyumbani siku hiyo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo bora kwa mara yenu ya kwanza: nendeni na Labrador peke yake, mwijue njia na vivuli vilipo, kisha Bulldog aje mara ya pili kwa dakika 40 za kijitoni.

Mkobani, ukiacha maji, kuwe na chanuo, koleo la ncha nyembamba, kibano, tochi ndogo, plasta, chupa ndogo ya klorheksidini, taulo la kumzungushia mbwa anayepapatika, na soksi nene ya mtoto ya kufunika unyayo uliojeruhiwa hadi garini.

Jambo la mwisho ni la baada ya safari. Udongo wa Arizona ya kusini na kati una kuvu aina ya Coccidioides, na ugonjwa wake kwa daktari mtausikia ukiitwa Valley Fever. Mbwa huvuta mbegu za kuvu pamoja na vumbi, hasa anapochimba na kutia pua kwenye mashimo ya panya. Msimwache achimbe, na siku ya upepo wa vumbi ahirisheni. Walio wengi wakivuta hawaugui. Wanaougua huanza takriban wiki tatu baadaye: kikohozi kikavu, homa, kukosa hamu ya kula, kukonda. Kwa wengine kuvu huingia kwenye mifupa, na dalili pekee inakuwa kuchechemea ambako watu hudhani ni mwiba uliosahaulika. Haiambukizwi kutoka kwa mbwa kwenda kwa watoto. Hupimwa kwa damu na hutibiwa kwa flukonazoli, mara nyingi kwa miezi sita hadi mwaka na wakati mwingine zaidi. Andikeni tarehe ya safari mahali, na mbwa akikohoa au kuchechemea katika miezi inayofuata, mtajieni daktari tarehe hiyo na mwombe kipimo hicho kwa jina.